Visiwa vya Ugiriki kwa meli mwezi wa Agosti tukiwa na mama mkwe: twende vingapi, na kwa chombo gani?

BintiWaUpanga

Ndugu zangu, salaam. Mimi na mume wangu tunaishi hapa Dar es Salaam, na kwa muda mrefu tumekuwa tukiweka akiba kwa ajili ya likizo ya wiki mbili katika Bahari ya Mediterania. Tutafuatana na mama mkwe wangu, ambaye amevuka miaka sabini na bado anatembea vizuri, ila magoti yake hayawezi ngazi nyingi. Likizo ya mume wangu kazini inaangukia mwanzoni mwa Agosti, kwa hiyo hatuna uhuru wa kuchagua mwezi mwingine.

Nia yetu ni kufika Athens kwa ndege, kisha tuhame kisiwa hadi kisiwa kwa meli. Orodha tuliyoiandika mpaka sasa ina Mykonos, Paros, Naxos, Santorini, Krete na Rhodes, na ikiwezekana tungependa kuvuka kutoka Rhodes kwenda pwani ya Uturuki kwa siku moja na kurudi. Ningependa kujua kama mpango huu unatekelezeka bila kumchosha mzee. Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni chombo chenyewe, kwa sababu mama, kila tunapovuka kwenda Unguja wakati wa kusi, huanza kutapika mara tu boti inapotoka nje ya mlango wa bandari, na hapati nafuu mpaka tunapokaribia gati la Malindi. Je, kule nako kuna boti za kasi tu, au kuna meli kubwa anazoweza kuzistahimili? Pia sisi ni Waislamu, hivyo ningeshukuru kusikia kuhusu chakula, na yeyote aliyeomba visa hivi karibuni atueleze utaratibu.

MamaWaMbweni

Dada yangu, hongereni kwa akiba, na hongera zaidi kwa kumkumbuka mama. Nimesafiri katika visiwa hivyo zaidi ya mara moja, na nitasema bila kuzunguka: orodha yenu ni ndefu mno kwa wiki mbili, na kwa mtu mwenye magoti mabovu ni ndefu hata kwa mwezi mzima.

Mtu akitazama ramani huona visiwa vimekaribiana, akadhani kuhama ni kazi ya saa moja au mbili. Kuhama hula sehemu kubwa ya siku. Mnafunga mizigo asubuhi, mnarudisha ufunguo wa chumba kabla ya adhuhuri, mnasubiri bandarini penye kivuli kidogo, meli inachelewa kwa sababu ilichelewa kwenye kisiwa cha nyuma, mnafika, mnatafuta usafiri wa kwenda mlikopanga, na mkishaoga jua limeinama. Mkifanya hivyo kila baada ya siku mbili, likizo yote itaishia magatini.

Rhodes iondoeni. Haiko jirani na hivyo vingine, bali iko mbali mashariki, karibu kabisa na pwani ya Uturuki, katika funguvisiwa jingine la Dodecanese, na meli kutoka Piraeus, bandari ya Athens, huchukua saa 12 au zaidi kufika. Krete nayo ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki, na mtu anayekwenda huko kwa siku mbili huishia kuona bandari na barabara tu. Mykonos ni ghali, na uzuri wake mkubwa machoni pangu ni Delos, kisiwa kidogo cha jirani chenye magofu ya kale, ambacho hufikiwa kwa mashua ya kama nusu saa na ambako wageni hawaruhusiwi kulala.

Vinavyobaki ni Paros, Naxos na Santorini, na hapo mmepatia, kwa sababu visiwa hivi vitatu viko katika njia moja. Meli kubwa huondoka Piraeus asubuhi, ikagusa Paros, ikagusa Naxos, ikamalizia Santorini, kama vile daladala inavyoshusha watu kituo hadi kituo. Piraeus hadi Paros ni kiasi cha saa nne hadi tano, Paros hadi Naxos haifiki saa moja, na safari nzima hadi Santorini kwa meli ya kawaida ni kama saa nane.

Kwa mama, mimi ningekaa siku nyingi zaidi Naxos. Bandari iko mjini penyewe, na mkishuka mnaona mbele yenu Portara, lango kubwa la marumaru la hekalu la Apollo ambalo halikumalizwa kujengwa, likiwa limesimama peke yake kwenye rasi ndogo. Ufuko wa Agios Georgios uko umbali wa kutembea kutoka mjini, mchanga wake ni laini na maji ni mafupi kwa masafa marefu, hivyo mama anaweza kuingia mpaka kiunoni bila hofu. Tena kisiwa kina mashamba. Viazi vya Naxos vinasifika Ugiriki nzima, na jibini lao la graviera ni zuri kweli.

Santorini ni suala jingine. Ni ukingo wa volkano iliyolipuka zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, na miji yake mashuhuri, Fira na Oia, imejengwa juu ya jabali lenye urefu wa mamia ya mita kutoka baharini. Meli za kutoka Piraeus hufunga gati Athinios, chini ya jabali hilo, kisha basi hupanda barabara yenye kona kali mpaka juu. Vyumba vile vyeupe vinavyoonekana kwenye picha hufikiwa kwa ngazi, na ngazi zenyewe hazilingani wala hazina pa kushika. Msikodi chumba Oia, dada. Kodini Kamari au Perissa, upande wa mashariki, ambako ardhi ni tambarare na mchanga ni mweusi, halafu mpande Fira kwa basi mchana mmoja ili mama aone ile bahari iliyozungukwa na majabali, akae kwenye kivuli, anywe kitu baridi, mrudi.

Jambo moja ambalo halisemwi sana ni namna watu wanavyoshuka. Meli haitulii gatini mkaanza kutafuta mabegi yenu. Kabla haijafika, abiria wa kisiwa husika huitwa na kuteremka kwenye sitaha ya magari, ambako mizigo yao iko kwenye rafu zenye majina ya visiwa. Mnasimama pale katikati ya malori na pikipiki, kuna joto na harufu ya dizeli, mnasikia minyororo ikiteremshwa, kisha mlango mkubwa wa nyuma unafunguka taratibu na mwanga unaingia wote kwa mara moja. Hapo wote wanatoka pamoja, watu na magari, na baada ya dakika chache tu meli imekwisha kuondoka. Kwa hiyo mmoja wenu awe na mama tu, asiwe na begi lolote, na mwingine ashughulike na mizigo. Waombeni pia wahudumu wawaonyeshe lifti, maana meli kubwa nyingi zinazo, na ngazi kutoka sebule za abiria hadi sitaha ya magari ni ndefu.

Kuhusu chakula, hamtapata shida ya njaa. Samaki, pweza, maharage makubwa ya kuoka, saladi na mikate ya jibini vipo kila mahali. Ila mishikaki yao ya souvlaki mara nyingi ni ya nguruwe, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuagiza. Nyama iliyochinjwa kwa taratibu zetu ni rahisi zaidi kuipata Athens, ambako pia kuna msikiti rasmi mtaa wa Votanikos, uliofunguliwa Novemba 2020.

BahariaMstaafu

Mwanangu BintiWaUpanga, nimefanya kazi melini kwa miaka mingi na Mediterania ninaifahamu, kwa hiyo niongeze juu ya bahari yenyewe, maana MamaWaMbweni amekwisha kusema vizuri juu ya nchi kavu.

Mwezi wa Agosti katika Bahari ya Aegean una upepo wake uitwao meltemi. Huvuma kutoka kaskazini, na chanzo chake ni tofauti kati ya mgandamizo mkubwa wa hewa upande wa Balkani na mgandamizo mdogo upande wa Uturuki, jambo linalotokea kila kiangazi. Julai na Agosti ndiyo miezi yake. Watu wa kwetu wamezoea kuona upepo mkali ukiandamana na mawingu na mvua, lakini meltemi huvuma chini ya anga safi kabisa ya bluu, jua likiwaka, na huweza kuendelea usiku na mchana kwa siku kadhaa mfululizo. Kwa hiyo msitazame mbingu mkadhani bahari ni shwari. Tazameni utabiri wa upepo, na hasa kipimo cha Beaufort, kwa kuwa ndicho kinachotumika huko. Upepo ukifika 8, yaani kuanzia kilomita 62 kwa saa, mamlaka za bandari kwa kawaida huzuia meli za abiria kuondoka, na boti za kasi huzuiwa mapema zaidi ya hapo.

Sasa juu ya chombo. Boti ya kasi ni nyepesi, na nyingi zina mabodi mawili membamba. Zikikutana na wimbi la ubavuni hutikisika kwa mkupuo mfupi mfupi, na mkupuo huo ndio unaomtapisha mama yako kwenye mkondo wa Unguja. Tena katika nyingi ya boti hizo abiria hukaa ndani muda wote, madirisha hayafunguki, na mtu akianza kuugua hana pa kukimbilia upepo. Meli kubwa ya magari ina uzito, ina mapezi chini ya maji yanayopunguza kuyumba, na ina sitaha za wazi. Inachukua saa nyingi zaidi, lakini mtu huzimaliza akiwa mzima. Nauli nayo ni nafuu, kwa kuwa boti ya kasi huweza kukaribia mara mbili ya meli ya kawaida kwa safari ile ile. Kwa msafiri mwenye tatizo kama la mama, sioni hata jambo la kujadili: chukueni meli kubwa.

Ndani ya meli, mkae katikati ya urefu wake na kwenye sitaha ya chini kiasi, kwa sababu omo na tezi ndizo zinazopanda na kushuka zaidi, na kadiri unavyopanda juu ndivyo unavyohisi kuyumba. Mama asafiri akiwa amekula kidogo, chakula kikavu, si tumbo tupu wala tumbo lililojaa. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kuondoka, wala haisaidii sana mtu akishaanza kutapika, na kwa umri wake mwulizeni daktari wake kwanza kama inapatana na dawa nyingine anazotumia. Asisome simu. Atazame mstari ambapo bahari inakutana na mbingu.

La mwisho, na hili ninalisisitiza kwa nguvu zote: msipange kurudi Athens siku ile ile ya ndege yenu. Meli ikizuiwa na upepo, sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka mwenye meli awarudishie nauli au awapeleke kwa safari nyingine, lakini hatawalipa fidia kwa sababu ya hali ya hewa, na tiketi ya ndege ya kurudi Dar ikipotea ni hasara yenu wenyewe. Familia moja ninayoifahamu ilikwama kisiwani siku mbili kwa namna hiyo, wakawa wanaiona bahari ikimetameta mbele yao na hakuna chombo kinachotoka.

KakaWaSinza

Kwa upande wa visa, nitakuwa mfupi. Mnaomba visa ya Schengen, yaani visa moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, kupitia nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo kama ni Ugiriki pekee, ombi ni la Ugiriki. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika siku 45, na kwa safari ya Agosti ninashauri mtafute miadi mapema iwezekanavyo, kwa sababu kipindi hicho waombaji ni wengi. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima igharimie matibabu ya angalau euro 30,000, na kwa mama hakikisheni inakubali umri wake. Pamoja na hayo, tangu Oktoba 2025 kuna mfumo mpya wa kuandikisha picha na alama za vidole mpakani, hivyo foleni ya uwanja wa ndege inaweza kuwa ndefu, wala msipange kupanda meli saa chache baada ya kutua.

Ile safari ya Uturuki iacheni. Uturuki haimo katika Schengen, hivyo mtahitaji visa yao, na tena visa yenu ya Schengen lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo mkishavuka hamtaruhusiwa kurudi Ugiriki. Kwa siku moja ya matembezi, hiyo ni hatari isiyo na sababu.

Tiketi za meli msinunue kabla ya kupata visa, isipokuwa zile ambazo fedha zake hurudishwa.

BintiWaUpanga

Shikamoo mzee wangu BahariaMstaafu, na asanteni sana nyote. Mume wangu amesoma majibu haya yote na amekubali kuifuta Rhodes, Krete na Uturuki, ingawa Mykonos bado inamwuma. Nina swali jingine. Mwenzangu kazini anasema Ugiriki kwa Agosti ni msongamano mtupu, na ananishauri twende Kroatia au Italia, ambako kuna visiwa vya karibu zaidi. Je, kuna ukweli wowote? Na nimesikia kwamba tarehe 15 Agosti meli hujaa kuliko siku nyingine. Kwa nini?

MkaziWaKigamboni

Mimi ninakubaliana na mwenzako, na nitaeleza kwa nini, ingawa ninajua wengi hapa wamevutiwa na Ugiriki.

Kwa mama mwenye umri huo, njia rahisi kuliko zote ni kukaa mji mmoja na kwenda visiwani asubuhi na kurudi jioni. Napoli inafaa sana kwa hilo. Kutoka bandari ya Molo Beverello, Procida iko umbali wa kama dakika 40, Capri ni chini ya saa moja, na Ischia ni kama saa moja. Hakuna kufunga mabegi wala kutafuta chumba kipya, na siku ambayo bahari imechafuka mnabaki mjini, au mnakwenda Pompeii kwa treni. Meltemi ni upepo wa Aegean, haufiki huko. Procida ni kisiwa kidogo cha wavuvi, nyumba zake zimepakwa rangi za waridi na manjano hadi ukingoni mwa maji, na hakijavamiwa kama Capri.

Kroatia nayo ni nzuri. Kutoka Split hadi Supetar, kwenye kisiwa cha Brač, ni dakika 50, na hadi Stari Grad, kisiwa cha Hvar, ni kama saa mbili kwa kivuko cha magari. Tangu 1 Januari 2023 nchi hiyo imo katika Schengen na inatumia euro, kwa hiyo visa ni ile ile na fedha ni zile zile. Fukwe zake nyingi ni za kokoto na mawe, mama achukue viatu vya majini.

MamaWaMbweni

Ndugu yangu wa Kigamboni amesema kweli kuhusu Napoli, na kama mama angekuwa hawezi kabisa bahari, ningemwunga mkono. Lakini kukaa kisiwani usiku ni sehemu ya safari yenyewe. Wageni wa siku moja wakishaondoka na meli ya jioni, kisiwa hupumua, watu wa pale hutoka na viti vyao barazani, watoto hucheza uwanjani mpaka usiku sana, na mama yenu atajikuta anasalimiana na bibi wa rika lake bila lugha ya pamoja. Hilo mtu anayelala mjini halipati, na kwangu mimi ndilo lililonifanya nirudi.

Kuhusu 15 Agosti, ni sikukuu ya Kulala kwa Bikira Maria, moja ya sikukuu kubwa kabisa za Waorthodoksi. Wagiriki wenyewe hurudi visiwani kwa wazazi wao, na mahujaji humiminika Tinos, ambako baadhi yao hupanda kutoka bandarini hadi kanisani kwa magoti. Paros nayo hujaa kwa sababu ya kanisa lake la kale la Ekatontapiliani. Siku mbili tatu kabla na baada ya hapo, nafasi melini hupatikana kwa shida na vyumba hupanda bei. Hakikisheni siku hizo mmekaa mahali pamoja, hamhami.

Hivyo, kama mngeniuliza mimi, ningefanya hivi. Mkifika Athens, laleni usiku mbili. Metro inatoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi Piraeus, lakini mageti ya bandari ni mengi, kutoka E1 hadi E12, na mengine yako zaidi ya kilomita moja kutoka kituoni, kwa hiyo kwa ajili ya mama chukueni teksi na mwonyesheni dereva geti lililoandikwa kwenye tiketi. Nendeni Naxos kwa meli kubwa ya asubuhi, mkae pale wiki nzima au karibu yake, na siku moja mvuke Paros kutembea na kurudi. Kisha Santorini kwa siku tatu, halafu mrudi Athens mkiwa na usiku mbili mkononi kabla ya ndege, kama mzee alivyosisitiza. Mume wako akiitaka sana Mykonos, mwacheni aende peke yake asubuhi kutoka Naxos siku yenye bahari tulivu, wewe na mama mbaki ufukoni.

Saa za Ugiriki wakati wa kiangazi ni sawa na za kwetu, lakini tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na meli nyingine huondoka dakika chache baada ya usiku wa manane. Tiketi iliyoandikwa tarehe 12 saa 00:30 ni ya usiku wa kuamkia tarehe 12, kwa hiyo mnapaswa kuwa bandarini tarehe 11 usiku. Isomeni mara mbili kabla ya kulipa, na majina yafanane herufi kwa herufi na pasipoti. Mkishapata tarehe za visa ziandike hapa, nami nitakusaidia kuchagua meli.